Laini ya Chimala Niliyoichomoa

Leo Jumatano. Ukungu umekaa juu ya mlima Loleza tangu alfajiri kama mgeni asiyejua kuaga, na baridi ya Mbeya inaingia mpaka ndani ya kucha. Nimeswali alasiri, nimerudi chumbani, chakula sikitaki.

Moyo wangu mzito, shajara. Tangu nilipomwacha mke wangu Iringa nikaja huku kufunga mitambo, wewe ndiye ninayekueleza.

Kazi yenyewe hata mtu wa darasa la sita kama mimi anaielewa. Kampuni ina malori Uyole, kiwanda cha mbao Mafinga, na mashamba ya mpunga Chimala pamoja na zahanati ndogo ya wafanyakazi. Simu zote zinapita hapa ofisini Mbeya, kwenye fremu tatu za chuma zilizojaa swichi, zimesimama ukutani kama makabati yasiyo na milango. Mimi ndiye niliyeamua fremu ipi ibebe kazi gani. Watu wa malori wanapiga kutwa nzima, maneno mafupi mafupi. Nikawapa fremu mpya. Watu wa mbao na wa hesabu hawapigi sana, ila wakishika simu wanasomeana tarakimu mpaka sikio linaungua. Nikawapa ya pili, nayo ni imara. Zahanati, yenye laini pekee ya Chimala, inapiga mara chache. Nikaipa ile kuukuu tuliyoing'oa Iringa.

Nilipima wingi wa maneno. Uzito wake sikuupima.

Wiki iliyopita fremu kuukuu ikafa. Nilipofika asubuhi nikakuta ganda la nyaya za chini limeyeyuka, swichi zimeungua, na majivu laini yamelala juu ya kila kitu. Meneja alidhani ni hitilafu ya umeme. Nikamwacha adhani hivyo, kwa sababu mimi niliyajua yale majivu.

Ni ya jiko la Mama Tumpe, opereta wetu; nililitoa nje kabla Meneja hajafika.

Mama huyu ni Mnyakyusa wa Tukuyu, mjane, mcheshi, anayewajua madereva wote kwa sauti. Asubuhi huwasha jiko la mkaa nje, akaliingiza ndani likishakolea, tukaota moto sote, na mimi nikiwemo. Siku tulipomaliza kufunga mitambo nilimwambia, "Mama, adui wa vyuma hivi ni unyevu." Sasa tazama alivyonielewa. Jioni ya kuamkia siku ile, manyunyu yakianguka, kabla ya kwenda nyumbani, akalisogeza jiko chini ya fremu kuukuu likaushe umande, kama kwao wanavyomsogezea bibi mgonjwa moto kitandani. Aliniambia mwenyewe kesho yake mlangoni, kabla hajaiona, kwa fahari kidogo: "Hii yako ya kizee, Baba Zuhura, nimeiachia moto usiku. Nimeona inatoa jasho."

Hajui kwamba moto huo ndio ulioiua; naye anadhani ni umeme. Sijamwambia. Wakijua watamfukuza.

Na bado hilo si zito kuliko yote. Tumpe mwenyewe, binti yake wa pekee, ameolewa Chimala na mimba imefika mwisho. Ya kwanza ilimharibikia, almanusura afe. Safari hii nesi wa zahanati amesema uchungu ukianza tu atapiga simu, gari litoke hapa likamchukue. Posta ya pale, yenye simu nyingine, hufungwa jioni, na uchungu hauangalii saa.

Vipuri vitatoka Dar, lini hakuna ajuaye. Fremu mbili zilizobaki zimejaa. Ili Chimala iingie, lazima laini nyingine itoke. Nilikwenda kwa Meneja nikaomba tuondoe laini moja ya malori. Si mtu mbaya, Mungu shahidi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema mpunga uko kwenye magunia barabarani, malori yakisimama mishahara inasimama, wa nesi ukiwemo. Nikatoka nikiwa nimeshika kofia yangu mkononi.

Leo nikafanya kwa kichwa changu. Baada ya alfajiri nikaingia ofisini peke yangu, nikatoa laini moja ya Uyole, nikaichomeka Chimala mahali pake. Mama Tumpe alipofika akajaribu, nesi akaitika. Tumpe mzima, miguu imevimba kidogo. Mama akacheka peke yake, akaimba wimbo wa kanisani kwao huku anaunganisha watu. Dereva mmoja akapita dirishani akamtania kwamba leo simu imekunywa togwa. Mimi nikasema alhamdulillahi kimoyomoyo, nikadhani nimepata njia.

Saa tano Uyole wakatuma mtu kwa baiskeli kulalamika.

Meneja hakunigombeza. Alisimama mlangoni tu. "Mzee Salum, rudisha kama ilivyokuwa."

Nikarudisha. Kwa mkono huu huu ninaoandikia, nikaichomoa Chimala, na Mama Tumpe amekaa kwenye kiti chake, mgongo kwangu, vifaa vya kusikilizia masikioni. Hakuona. Baada ya muda akajaribu tena. Akangoja. Akageuka.

"Baba Zuhura, asubuhi nesi alisikika vizuri. Mbona sasa kimya?"

Nikamwambia ni ukungu.

Ukungu! Mtu wa miaka yangu, mwenye alama ya sijida kwenye paji la uso. Naye akaamini, akasema basi utaondoka, akaendelea na kazi.

Nimemwomba dereva wa lori la Chimala apite zahanati kila aendapo. Amekubali. Lakini anakwenda asubuhi, anarudi mchana, na usiku wote uliobaki ni wa nani? Nimesoma dua zote ninazozijua. Ndimi niliyeipa zahanati chuma kibovu. Ndimi niliyemwambia mama wa watu habari za unyevu nusu nusu. Ndimi niliyeuvuta waya.

Kesho atakaa tena kwenye kile kiti, atachomeka Chimala, atangoja, kisha atanigeukia. Na kama kutakuwa kumekucha bila ukungu, nitamwambia nini?