Siku Takyiwaa Alipoinua Mkono

Domeabra, Jumatano

Shemeji yangu Yaw Baah,

Salamu nyingi kutoka huku nyumbani. Hujambo wewe, mkeo, watoto, na hilo tumbo? Nimeliona kwenye picha, nikasema hawa Wajerumani wanamlisha shemeji yangu kama wanataka kumpeleka mnadani. Sisi wazima. Mguu wangu wa kushoto unagoma asubuhi, lakini hata kwa huo mmoja nakushinda mbio. Dada yako Takyiwaa anakusalimu sana. Anasema vaa sweta, kifua chako anakijua tangu alipokuwa anakubeba mgongoni.

Usicheke mwandiko. Shule sikwenda, herufi nilijifunzia nyuma ya malori, kwa hiyo naandika kubwa kubwa.

Sasa Yaw, habari ya moto najua imekufikia, na najua imekufikia vibaya. Hapa kila mtu anaisimulia na kila mtu anaikosea. Watu wa kanisani wanasema moto ulikuwa wa buluu. Muuza kenkey na samaki pale njia panda anasema jeneza lilibisha hodi kutoka ndani. Huyo siku ile hata kwenye msafara hakuwepo, alikuwa anakaanga samaki! Aliyeshika usukani ni mimi, Kwaku Dwomoh, niliyebeba magogo ya mvule kutoka msituni mpaka Takoradi na sikuangusha hata gome. Nisikilize mimi.

Gari unalijua, ile pikapu nyekundu ya kaka yenu Kwabena Nsiah, kongwe kuliko watoto wake wote. Kazi yake ilikuwa kuchukua maiti hospitali Kumasi na kuwapeleka vijijini kwao. Siku hizi watu hawataki maiti aende kimya kimya. Wanataka king'ora, taa za kuzunguka juu ya paa, na spika za kupiga nyimbo za msiba. Kwabena akavifunga vyote, na gari likashindwa. King'ora kikawa kinakohoa badala ya kulia, taa zinafifia kama macho ya mbuzi mgonjwa. Ile altaneta ya kuchaji betri ilikuwa ndogo, ilitengenezewa taa za mbele na honi, basi.

Tukaenda wote wawili Suame kwa fundi umeme anaitwa Boadu. Akatoa altaneta ya zamani, akatuletea nyingine kubwa kama chungu cha fufu, imetoka kwenye gari lililogongwa. Akachomelea kikono kipya cha kuishikia, akatafuta mkanda mrefu zaidi. Tulipowasha, Yaw, taa zile zilitupofusha mchana! Kwabena akacheza pale pale katikati ya mafundi. Kulikuwa na maneno kidogo kuhusu waya. Hayo nitayafikia, usinikimbize.

Hakulifaidi sana gari lake. Presha ikamwangusha akiwa anajifunga mkanda wa suruali, wewe ukaja kwenye mazishi kwa njia ya pesa na sisi tukaja kwa miguu. Simlaumu mtu, wewe una kazi na makaratasi yako.

Siku ya kumleta kutoka Kumasi, ukoo wenu ukaamua abebwe na gari lake mwenyewe. Nikaendesha mimi, nani mwingine? Takyiwaa akakaa mbele pamoja nami, kwa sababu yeye ndiye wa kumsemesha maiti njiani ili asipotee. Nyuma likaja basi la ndugu wamevaa nyekundu na nyeusi. Kabla hatujaondoka, Mzee Adu Twum, mkuu wa ukoo, akaja dirishani akasema Kwabena amewapigia king'ora watu wote wa wilaya hii, leo apigiwe chake mpaka mbinguni wafungue mlango. Washa kila kitu, akaniambia. Nikawasha kila kitu. Kwabena mwenyewe hakuwahi kufanya hivyo. Akipiga muziki alizima king'ora, akiwasha king'ora alizima muziki.

Kwenye daraja la mto Ofin nikapunguza mwendo. Takyiwaa akagonga kioo cha nyuma, akamwambia kaka yake kuwa tunavuka maji, njoo, usibaki nyuma wewe mtu wa kuchelewa. Namsikia mpaka leo. Wanaosema hakumwambia wanasema uongo. Aliyasema vizuri, na katikati ya kilio akamtania.

Baada ya daraja kuna kile kilima. Nikakikanyagia. Takyiwaa akanusa kabla yangu, pua yake unaijua, ilikuwa inakukamata na asali tangu ukiwa mlangoni. Akainua mkono kunionyesha pale mbele kwenye dashibodi, akasema mume wangu, mpira unaungua. Hajamaliza, moshi ukatoka. Hajashusha mkono, moto ukafuata.

Na hicho ndicho walichokiona wa kwenye basi, maana basi lile ni refu na wanaona mpaka ndani kwetu. Kwamba Takyiwaa aliinua mkono, na moto ukatoka.

Nikasimamisha gari pembeni, nikaita watu washushe jeneza. Vijana wenu wenye vifua vile wakasimama barabarani kama vigingi. Mmoja akapiga kelele kuwa marehemu hataki kwenda, asiguswe! Tukalivuta sisi, mzee na bibi yake. Mimi nilishika upande wa miguu. Yeye alishika upande wa kichwa, uliokuwa karibu na moto, na vile vishikio ni vya chuma. Hakuachia mpaka jeneza lilipofika kwenye nyasi. Ngozi ya viganja ilibaki pale.

Kwa hiyo Yaw, ulipoona kanda ya video ya mazishi uliuliza mbona kaka yako hakulazwa kitandani watu wamuage, mbona jeneza limefungwa. Sasa umejua. Na ule ubao mpya upande wa kichwa si pambo.

Jioni ya mazishi maneno yakaanza. Wakasema Takyiwaa alimla kaka yake kwa uchawi, na alipoona hakushiba akataka na mifupa. Wakakumbuka kuwa aliwahi kugombana na Kwabena kuhusu pikapu, akamwambia hilo dude lako litakuzika. Dada gani hajawahi kumwambia kaka yake hivyo? Wewe amekuambia mangapi? Wakamwita kikaoni. Mimi ni mume tu, si damu yenu. Kwenye kikao cha ukoo wenu napewa kiti na maji ya kunywa, na mdomo ni wa kunywea hayo maji. Nilipousogeza kwa maneno, Mzee Adu Twum akasema shemeji, maji yako yanakungoja.

Wakampeleka kambi ya maombi. Nilimfuata. Nilimkuta amefungwa mnyororo mguuni, kwenye kisiki, mikono ina usaha, na mchungaji anamwambia kiri upone. Miaka yote barabarani nimeona watu waliobanwa na magogo, Yaw, na sikuwahi kugeuza uso. Pale niligeuza.

Sasa ule waya. Altaneta kubwa inatoa umeme mwingi, na umeme ule unapita kwenye waya mmoja kwenda kwenye betri. Boadu alimwambia Kwabena, mimi nikiwepo, kuwa waya huu mwembamba ni wa mashine ile ndogo, tuweke mnene kama kidole gumba. Kwabena akakataa. Akasema waya wa kiwandani haubadilishwi, Mjapani mwenyewe aliupima, wewe Boadu umepimia wapi? Nikamwambia msikilize fundi. Akanijibu kuwa mimi nimezoea magogo, magogo hayana nyaya. Tukacheka sote. Na fyuzi ilipokuwa inakatika, akaifunga kwa uzi wa shaba ili isimsumbue. Ndiyo hiyo, shemeji. Hakuna mchawi. Kaka yako alipanda gari aliloliandalia moto mwenyewe, na sisi kwa heshima tukamwashia kila kitu.

Lakini mwaka wake haujatimia. Nani atasimama mbele ya ukoo, kabla ya kumbukumbu ya mwaka, aseme marehemu alikosea? Boadu nimemfuata. Akasema Mzee, nikimsema maiti, kesho nani ataniletea gari? Marehemu hasemwi, basi asemwe aliye hai.

Sasa shika kiti. Nilikwenda kwa Adu Twum nikamwambia nimekupigia simu Hamburg kutoka Kumasi. Nikasema umelia, umetukana, umesema dada yangu atolewe kwenye mnyororo leo hii, na nikisikia amerudishwa, sitatuma tena pesa, nyumba ya ukoo itakaa bila paa mpaka mfe wote. Nimekutungia sauti nzuri sana, hata mimi niliogopa. Wakamtoa siku ileile. Jina lako ndilo lililofungua ile kufuli, mimi nililibeba tu.

Adu Twum hakuniamini sana. Baada ya Pasaka anakwenda Kumasi kukupigia mwenyewe, na asiposikia maneno hayo kutoka kwako, dada yako ataletewa gari la kambi hapa mlangoni kwangu. Ndiyo maana barua hii nimempa Pinamang, anayekuja huko kwenu, apande nayo ndege. Simu ya hapa haipigi ng'ambo, na hata ukipiga wewe inalia dukani kwa mtoto wa Adu Twum, na mtoto huyo ana masikio kama nyungo. Akikupigia, Yaw, kuwa mkali. Usimweleze waya, hataki waya. Mtukane kama nilivyokutungia.

Nisalimie mkeo na watoto, waambie shangazi yao yuko nyumbani. Majirani wote wanakusalimu, hata wale wanaozunguka nyuma ya nyumba ili wasipite mlangoni kwetu.

Mimi nimesema wengine wanakosea hadithi, na yangu yote ni kweli, ila kitu kimoja nimetunga. Ile salamu ya dada yako pale juu. Tangu nimtoe kambini hajasema neno. Mikono anaiweka chini ya kitambaa, haiinui hata kwa kula, namlisha mimi. Lakini ya sweta angesema. Vaa sweta.

Ni mimi shemeji yako,
Kwaku Dwomoh