Mtoto wa Kuazima Mbele ya Jaji

Alhamisi, Baraka. Alasiri.

Mvua imekatika lakini mawingu bado yameshikana juu ya ziwa, na joto limerudi vilevile. Nimekaa, nimesimama, nimefua nguo ambazo hazikuwa chafu, nimekaa tena. Sifa, binti yangu wa miezi minane, amelala mkekani mdomo wazi, na kila nikimtazama najisikia mwizi.

Naandika kwa sababu sina wa kumwambia. Majina yote nimeyabadilisha. Mengine ni kama yalivyotokea.

Mnaonisoma hapa mtandaoni mnajua kazi yangu: nafundisha sosholojia kwenye chuo kimoja hapa mjini, na muhula huu nimepewa somo la uhalifu. Jumanne chumba kilijaa hadi wengine wakakaa madirishani. Niliwaeleza wanafunzi kwamba kwa muda mrefu vitabu vya uhalifu viliandikwa na wanaume kuhusu wanaume, na mwanamke akitajwa, basi ni mwili wake tu, eti damu ya kila mwezi inamvuruga akili. Kisha wakaja wasomi wa ufeministi na maswali yao. Kwa nini wanawake wanaiba kidogo kuliko wanaume? Wakajibu: kwa sababu tunachungwa. Baba anachunga, kaka anachunga, mume anachunga, jirani anachungulia, na anayeshinda jikoni hana nafasi ya kwenda kuvunja duka la mtu. Wengine wakasema mwanamke hupewa ahadi mbili. Soma, fanya kazi, utapata. Kuwa mke mwema, utatunzwa. Zote mbili zikivunjika, haoni tena cha kupoteza.

Halafu nikafika pale ninapopapenda mimi. Kuna wanaosema majaji huwaonea wanawake huruma. Wasomi wetu wakauliza, wanamwonea huruma nani? Yule anayefanana na mama. Asiyefanana anahukumiwa mara mbili, mara moja kwa alichofanya na mara ya pili kwa kutokuwa mwanamke wanayemtaka. Wanafunzi wote wakainamia madaftari, wanaandika. Nilitoka pale nimevimba kichwa, nikajinunulia na Fanta baridi.

Hiyo ilikuwa Jumanne.

Mdogo wangu Georgette alikuwa kasho, mahabusu, tangu wiki iliyopita. Alimaliza sekondari, diploma anayo, kazi hakupata. Aliolewa, mtoto hakupata, na mume akamrudisha kwetu na godoro lake limefungwa nyuma ya pikipiki. Akaenda Lulimba kutwanga mawe ya dhahabu pamoja na wanawake wengine, mchi na kinu tangu asubuhi, na mwenye shimo amesimama anawatazama mikono. Siku moja wakamkuta na unga wa yale mawe ndani ya nywele, ameufunika na kitambaa. Wakampiga kwanza, ndipo wakamshusha hapa mjini Baraka, akafungwa.

Nilipokwenda kumwona nilikuwa na ugali, sombe ya majani ya muhogo na maelezo yangu tayari. Nikamwambia hili si kosa lake peke yake, kwamba alivunjiwa ahadi zote mbili. Alinisikiliza huku anakula. Alipomaliza akafuta vidole.

"Yaya, mi niliiba," aliniambia mimi dada yake mkubwa. "Ile muchanga ilikuwa inaangaza, nikaitaka. Usinifanye exemple ya masomo yako."

Nilikasirika, kusema kweli. Mtu unamletea chakula na nadharia, anachukua chakula tu! Hata sasa nikikumbuka kuna sehemu yangu bado imemnunia.

Jana nikaenda kwa wakili wetu. Maître ni mtu mwema, ila ana haraka siku zote, anakusikiliza huku anatafuta funguo. Aliniambia mwenye shimo huenda asije kabisa, kwa hiyo mambo yote yatategemea jaji atamwona Georgette namna gani: kwa vitenge, si kwa suruali. "Avae bikwembe bibili, afunge na kitambaa. Ile pantalon aache. Alie kidogo. Na mutoto, iko naye?"

Nikasema hana.

Maître alimtazama Sifa mgongoni kwangu. Hakusema neno, naomba nimtendee haki. Ni mimi niliyesema, "Huyu anafanana naye."

Mimi. Mwalimu wa Jumanne.

Leo asubuhi, nyuma ya ukumbi wanamosikilizia kesi, nilimfunga Georgette mtoto wangu mgongoni. Mabega yake yalikauka kwanza. Hakutaka, alinifanyia ishara ya kichwa mara mbili, nikajifanya sikuona. Nilikuwa namtaka mdogo wangu nyumbani, basi, na sioni aibu kwa hilo. Sifa akajilaza, akaweka shavu, akasinzia. Nikaona mkono wa Georgette unakwenda nyuma wenyewe kumpigapiga makalio, kama mtu aliyezoea.

Ndani nilikaa benchi moja na mama mmoja kutoka Swima, naye amesindikizwa na mlinzi, anangoja zamu yake. Wabiwa ndiyo jina nililosikia wakimwita. Amevaa shati la kiume, mikono ina makovu ya kamba, hana wakili, hana ndugu aliyekuja naye. Tulisalimiana.

Mwenye shimo kweli hakuja. Jaji si mtu mbaya. Ni mzee mwenye kikohozi, anayeonekana angependa kuwa nyumbani kwake. Alifungua mdomo kumuuliza Georgette juu ya dhahabu, akamwona mtoto, akaufunga. Akauliza ni mtoto wa ngapi. Georgette akainamisha kichwa. Maître akajibu upesi, "Wa kwanza, muheshimiwa."

Hapo Sifa akaamka. Akageuza kichwa, akaniona kwenye benchi, akanyoosha mikono yake miwili.

Nilitazama sakafu.

Akaanza kulia kile kilio cha njaa ninachokijua hata nikiwa usingizini, na maziwa yangu yakamwitikia. Sikuweza kuyazuia. Blauzi ililowa pande zote mbili, nikakunja mikono kifuani, nikawa nasali anyamaze, na macho yake yaache kunitafuta.

"Mama, nyonyesha mutoto," jaji akasema.

Georgette alimzungusha Sifa mbele, akafungua vifungo, akampa ziwa. Mbele ya watu wote. Hakuna kitu mle, na mtoto wangu si mjinga. Alivuta, akavuta, akaachia, akapiga ukelele. Nyuma yangu wanawake wakaanza kuguna kwa huruma, angalia, wamemweka kasho hadi maziwa yamekauka. Jaji akavua miwani. Akasema mama asiteswe hivi na kitoto kichanga, aachiliwe kwa muda, arudi baada ya wiki mbili. "Na uje na huyu mutoto, nione kama anakula muzuri."

Dhahabu hakuiuliza tena.

Ilibidi Georgette abaki kutia sahihi. Nikampokea Sifa kama mama mkubwa tu anayesaidia, nikampa kidole, anakikataa kwa hasira, na mlinzi anatuambia tusitoke mpaka karatasi iishe. Ndipo wakamwita Wabiwa.

Mashemeji zake wamemshtaki kwa kuiba wavu. Alieleza bila kupandisha sauti: wavu ulikuwa wa marehemu mume wake, waliushona pamoja yeye na mume wake, siku ya pili ya maziko mashemeji wakauchukua, naye akaenda akaurudisha. Kwangu mimi hiyo si hata kesi. Jaji akamuuliza, "Sasa mwanamuke anafanya nini na wavu?"

"Navua," akasema.

Watu walicheka. Jaji akaendelea, anavua usiku? Na wanaume? Ana watoto wangapi? Wanne. Wako wapi? Amewaacha Swima kwa jirani. Jaji akatikisa kichwa, akahuzunika kabisa, nadhani alihuzunika kwa dhati. Akasema ni mama wa namna gani huyo, anaacha watoto wanne anaingia ziwani. Akaagiza arudishwe kasho mpaka mashemeji walete mashahidi wao. Juu ya nani aliyeushona wavu, hata swali moja.

Mama wa watoto wanne karudi ndani. Mdogo wangu asiye na mtoto katoka kwa sababu ya mtoto.

Walimpitisha mbele yangu. Mikono yangu ilikuwa imembeba Sifa anayelia, sikuwa na cha kujifunika. Macho yake yalishuka kwenye blauzi yangu iliyolowa, yakapanda kwa mtoto, yakaenda kwa Georgette pale mezani. Alielewa yote. Nilimwona anaelewa. Jaji alikuwa hatua chache tu kutoka kwake, na neno moja lingetosha kumrudisha Georgette kasho, na mimi pamoja naye.

"Enda umunyonyeshe, mama," aliniambia kwa sauti ndogo. "Njaa iko inamuuma."

Basi, wakampeleka.

Nje nilikaa juu ya jiwe nyuma ya ukumbi, nikampa Sifa haki yake. Georgette alisimama akifunga vifungo vya blauzi, anakosea tundu, anafungua, anafunga tena. Na yale machozi ambayo Maître aliyaomba tangu jana, ndipo yakaja. Nikaanza tena, Mungu anisamehe. Nikaanza kumweleza kwamba hivi ndivyo mahakama zinavyotaka mwanamke awe, kwamba si yeye, ni mfumo.

"Yaya, nyamaza."

Nikanyamaza.

"Usinipatie tena ule mutoto. Nitamuzoea."

Nilitaka kumkumbatia lakini nilikuwa nanyonyesha, nikamshika tu kikwembe, tukabaki hivyo mpaka Sifa akashiba. Nilimpenda sana mdogo wangu pale. Na nilijichukia, si kwa uongo hasa, ila kwa kutowaza hata mara moja kwamba yule mtoto angekuwa na uzito juu ya mgongo wake.

Sasa yuko uani anatwanga sombe kwa nguvu utadhani bado yuko Lulimba. Amekwisha kuniambia: siku ya kurudi atakwenda na suruali yake, bila mtoto, na akiulizwa atasema alichofanya. Nimempigia Maître simu, amesema tumeingiwa na wazimu, kwamba tutamfungisha kwa kiburi chetu. Labda anasema kweli. Naogopa sana. Nilimuuliza kama anaweza kumsimamia Wabiwa pia, nitatafuta namna ya kumlipa. Nikasikia anatafuta funguo. "Leta kwanza batoto bake bote bane," akasema. "Ubavalishe muzuri."

Nilikata simu bila kuaga. Kisha nikapiga tena nikaomba radhi, kwa sababu wakili mwingine simjui.

Somo la Jumanne ijayo sijaligusa. Yale niliyoyafundisha ni kweli, leo nimeyaona kwa macho yangu, na ndiyo maana sipati raha. Kama yangekuwa uongo ningekuwa nimelala.

Kesho alfajiri, nikipata pikipiki, naenda Swima. Nitawaambia wale watoto mama yao yuko wapi, maana sidhani kama kuna mtu amewaambia. Halafu nitazunguka ufukweni kuuliza nani aliwaona Wabiwa na mume wake wakiushona ule wavu, na kama ana moyo wa kuja kusema. Watoto siwaleti kwa jaji. Wakitaka kumwona mama yao nitawaleta kwa mama yao, na nguo walizonazo.

Na baada ya wiki mbili, Georgette atasimama mbele peke yake kama anavyotaka. Mimi nitambeba Sifa mgongoni kwangu, nikae benchi la mbele. Jaji atauliza, najua atauliza, mtoto ni wa nani. Nitasema ni wangu. Nimeyaandika haya hapa mnaposoma wote, ili siku ile nisipate pa kukimbilia.