Firigisi Yako, Tata

Mpendwa Tata, baba yangu,

Jana nimekula sombe tena, majani yale yale ya muhogo. Nilitia karanga nyingi, namna ulivyopenda, nikaila na bukari, ugali wa mahindi uliochanganywa na muhogo. Juzi yalikuwa maharagi, kesho itakuwa lengalenga, mchicha wa hapa kwetu. Nyama, hapana. Tangu uende, sijaimeza. Watu wa hapa Kolwezi wamechoka kuniuliza, nami nawaambia ni presha. Uongo mtupu, Tata! Damu yangu iko sawa kabisa.

Unakumbuka siku matokeo ya mtihani wa Serikali yalipotoka? Majirani wetu wa mtaa wa Kasulo walinimwagia unga kichwani kwa shangwe, wakaimba mpaka sauti zikakauka. Halafu mama akaweka bukari na sombe mezani. Na mimi, mwenye diplome, nikanuna: "Hata leo sombe? Sisi ni bambuzi wa kula majani?" Mama akanikata jicho. Wewe ulicheka tu. "Mama yangu," ukaniambia, maana nabeba jina la mama yako, "kesho utakula kuku mupaka uchoke." Ukakamata tochi, ukashuka katika shimo ulilochimba chini ya sebule yetu kutafuta madini. Siku ile ulikuwa umesema utapumzika. Ni mimi niliyekushusha.

Udongo ukaanguka. Walipokutoa, mi bado nilikuwa na unga ule kwenye nywele.

Kwenye kilio walichinja kuku. Shangazi akaniwekea firigisi kwenye sahani, ile ambayo nyumbani kwetu hakuna aliyeigusa isipokuwa wewe. "Kamata, ni wewe mukubwa sasa." Ilinikwama kooni. Nikaenda kuitapika nyuma ya nyumba, na nyama ikaishia pale.

Juma lililopita Kapinga, binti yangu, mjukuu wako aliyezaliwa wewe umeshaenda, aliangalia sahani yake akasema, "Mama, kila siku sombe?"

Tata, mkono wangu ulipanda wenyewe. Kisha nikaona macho yake. Hakuwa na ubaya wowote, alikuwa na hamu ya nyama, basi. Mkono ukashuka. Nikalia mbele yake kama mjinga, maana siku ile na mi nilikuwa mtoto tu, na miaka yote hii hakuna mtu aliyeniambia hivyo.

Jumapili nikanunua kuku sokoni. Nikampa Kapinga firigisi, nikamwambia zamani ilikuwa ya kambo wake, babu yake. Akauma nusu, akasogeza nusu pembeni ya sahani. "Hii tumubakishie kambo."

Mi nikakula sombe yangu. Nyama bado siiwezi, na pengine sitaiweza kamwe. Lakini sombe ilikuwa tamu, Tata. Tangu uende, ndiyo mara ya kwanza nimesikia utamu wake.

Nusu yako tumeifunika na sahani. Pumzika sasa, usishuke tena.

Ni mi, binti yako uliyemwita mama