Jicho la Janepher

Bugembe, Jinja
Jumatatu, 17 Novemba 2025

Kwa Kaka Isiko,

Salamu kutoka Bugembe. Natumaini wewe, mama Mitchelle na watoto mko wazima. Mimi mwili ni mzima. Janepher hayuko hivyo: Jumanne tarehe 11, saa nne asubuhi, alipoteza jicho la kushoto akiuza chai kwenye lango la ghala la kahawa, huko Mbale. Aliyempiga rungu ni mlinzi wa lango lile, Matia, mdogo wetu. Naandika waziwazi kwa sababu kwenye simu unaliita jambo hili "ile ajali".

Nasikia umewaambia polisi alikuwa amelewa. Kaka! Matia hajaonja pombe miaka sita, na mnakaa nyumba moja. Wewe afande wa magereza unapokea wagonjwa wa akili kama yeye kila wiki, unawatambua kabla hawajavua viatu. Wa kwako ndiye ulishindwa kumtambua?

Nimehesabu. Siku kumi na saba hakulala. Chakula cha mkeo alikuwa akimwaga, eti kina sumu. Alidai Janepher akigonga birika anawaita watu waje wamuue. Mara mbili alikuomba mwenyewe umtoe pale langoni kabla hajamuumiza yule mama. Mkeo anasema ulicheka, ukamwambia askari haogopi birika. Halafu ukamtaka avumilie mpaka wakwe wa Mitchelle waje kujitambulisha, maana wakisikia kuna kichaa katika ukoo wetu watageuzia gari njiani, pale Nakaloke, kabla hata ya kufika kwako. Wamekuja tarehe 8, wamekula, wameondoka. Zilibaki siku tatu tu kabla ya rungu lile.

Sasa langu, usije ukalisikia kwa mwingine. Ulinipa kadi ya Matia ya hospitali niifiche, wageni wasiione, nikaifungia kwenye sanduku la vipuri vya mashine zangu za kusaga. Tarehe 2 Matia alikuja hapa kuiulizia. Dawa zilikuwa zimemwishia, na alisema bila kadi itabidi aanze kujieleza upya, ilhali kichwa chake hakipangi tena maneno. Nilimwambia imepotea. Nikampa unga kilo tano, nikamsindikiza stendi. Mimi niliyesimamisha mashine tatu bila msaada wa mtu, niliogopa midomo ya wakwe.

Jana nilikwenda wodini nikamweleza Janepher yote. Hakunitukana. Aliuliza tu kama Matia akitoka rumande ataanza tena. Akifungwa kama mlevi, nani atauliza habari za dawa? Na siku moja atatoka, Kaka.

Nisalimie watoto, na Mitchelle mwambie shangazi yake anampenda hata akinikasirikia. Wakwe utawaeleza wewe mwenyewe.

Ninachotaka ni hiki: utakwenda nami polisi kufuta maneno yako na kusema kwamba tulijua? Ndiyo au hapana. Unijibu wewe, usimtume mkeo, kabla ya Jumatano saa sita mchana. Saa saba napanda gari la Mbale.

Dada yako,
Namukose