Kamba ya Mwakitolyo na Kistari Chako

Mjukuu wangu Masanja,

Marahaba, hata kabla hujaniamkia. Sisi wazima, bibi yako anauliza mume wake mdogo anakula nini huko chuoni. Mimi kutulia kumenishinda, jana Masumbwe, leo Kharumwa, hata hapa naandika nimesimama.

Unasema mmegombana kwenye kundi la hesabu: wewe unaweka kistari pembeni ya f, mwenzako anaandika dy juu ya dx, kwa hesabu ile ile, na sasa unataka kujitoa. Unaniuliza, nani yuko sahihi? Niliishia darasa la tano, lakini umempata mtu mwenyewe!

Ujanani nilifika Mwakitolyo nikitokea machimbo ya Geita, hodari kuliko wote, waulize. Kwetu Geita, aliye chini shimoni akivuta kamba mara moja, anapandishwa. Nikashuka, na hewa iliponibana nikavuta. Wakaniongezea kamba! Nikavuta tena, wakaongeza tena. Kwao hiyo ilikuwa alama ya kushusha. Nikapiga yowe mpaka wakanisikia.

Nilipotoka nikafoka, "Nyie hamjui kazi!"

Mzee aliyeshika kamba akacheka: "Ng'wana wane, mwanangu, kazi tunaijua wote. Mbona hukuuliza kabla ya kushuka?"

Kistari chako nakipenda, kina haraka kama mimi. Lakini usijitoe. Kesho, kabla hamjagusa swali, muulize mwenzako: hapa tunavutaje? Ikishinda dy yake, iandike hiyo hiyo mpaka mwisho, mtoke wote.

Ni mimi babu yako, niliyepandishwa.