Jina la Saba

4 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Goti la bibi linaendeleaje? Mkumbushe ile dawa ni ya kuchua, si ya kunywa. Mimi mzima, ila macho yananiwasha kwa kukaa mbele ya kompyuta. Ningekupigia, lakini masikio yako na simu havipatani, na jambo hili nataka ulisome kwa utulivu.

Nimepewa kazi ya kutengeneza mwanzo wa filamu, ile sehemu ambayo majina hutokea kabla hadithi haijaanza. Filamu inahusu jambo la kweli, moto ulioteketeza kiwanda cha nguo miaka ishirini na sita iliyopita. Wafanyakazi wanane walifia ndani kwa sababu mlango wa nyuma ulikuwa umetiwa kufuli. Mwongozaji anataka majina yao yatangulie, yetu sisi watengenezaji yafuate. Nimeamua kila jina lijishone lenyewe: uzi mweupe unatokeza kwenye kitambaa cheusi, unashona herufi moja moja, jina linatulia kidogo, kisha uzi unafumuka. Kila mshono lazima niupangie kwenye programu unapoanzia na unapoishia. Jina moja hunilia siku nzima.

Jana nilifika la saba. Mama, ni jina lako. Lote: lako, la babu na la ukoo. Kwanza nilicheka. Kisha nikaacha kucheka. Unamjua mtu huyu?

Mwanao


15 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Sisi hatujambo. Bibi yako goti limepoa, mdomo ndio haujapoa. Mvua imepita na bati la jikoni, fundi anasema atakuja, nawe unamjua fundi na kesho yake. Mlango ukigongwa bibi bado anauliza kama ni mama yako mdogo karudi. Miaka yote hii hajachoka kumngoja binti yake.

Kuhusu hilo jina, majina hufanana. Dunia ina watu wengi kuliko majina. Maliza kazi ya watu, ule, ulale.

Mama yako


22 Machi

Mama,

Shikamoo. Nafurahi goti limepoa.

Nimekusoma na nimejitahidi kukuamini. Lakini leo mwongozaji alinipa mahojiano niyatazame ili nichague sauti ya kuweka chini ya majina. Kuna mwanamke mmoja aliyenusurika, alikuwa mshona vifungo. Anawataja wenzake wote wanane, nani alikuwa mcheshi, nani alikuwa mkali. Alipofika kwa wa saba alisema hivi: "Huyo alikaa cherehani ya pembeni yangu. Juzi yake aliomba ruhusa kwa msimamizi, binti yake wa miaka minne alikuwa na surua. Alikataliwa."

Mama, nina miaka thelathini. Habari za surua ile ulinisimulia mwenyewe, upele ulivyoanzia nyuma ya sikio.

Kazi inatakiwa mwisho wa Juni. Jina la saba nimeliacha nusu, siwezi kuliendeleza. Tafadhali niandikie.

Mwanao


9 Mei

Mwanangu,

Najua umengoja. Kila nikishika kalamu bibi yako yuko hapa, ananiuliza namwandikia nani. Barua mbili nimezichana. Leo amekwenda kliniki na jirani.

Aliyekufa ni mama yako mdogo.

Ulikuwa unawaka homa, macho hufungui. Msimamizi alishasema nikikosa siku moja nisirudi, na baba yako alikuwa hana kazi. Mdogo wangu alikuwa amekuja kututembelea. Akasema, "Nipe kitambulisho chako na kitambaa chako cha kichwa. Pale wanaangalia mikono, nani anaangalia sura?" Tulifanana kama shilingi kwa ya pili. Nikampa.

Saa nne nilikuwa nakukanda kwa maji niliposikia watu wanakimbia. Jioni karani alisimama getini akasoma majina. Nilikuwa kwenye umati, nikasikia la kwangu. Nilitaka kusema mimi huyu hapa. Baba yako, Mungu amrehemu, alinibana mkono hadi ukauma. Mabwana wa kiwanda walikuwa wanasema kuna mfanyakazi aliyeingiza mgeni, na huyo mgeni ndiye aliyewasha moto. Polisi walikuwa wameanza kukamata. Tukahama wiki ileile. Wale wanane walizikwa pamoja, hawakutambulika. Nilikwenda makaburini mara moja tu, nimejifunika uso.

Nilijiambia nitasema kesho. Kesho ikawa mwaka. Bibi yako alipouliza, nilimwambia binti yake ameondoka na mwanamume, dereva wa malori ya mbali. Nilimnyima hata kufa na jina lake, halafu lile alilobaki nalo nikalipaka matope.

Wewe ulikuwa mtoto mgonjwa. Usijitwike mzigo huu, ni wangu. Ukiliacha jina langu pale, hakuna atakayejua. Amua wewe.

Mama yako


16 Mei

Mama,

Shikamoo. Leo sina salamu nyingine.

Siwezi kuamua mimi. Nimelifuta jina la saba, limebaki pengo la kitambaa kitupu kati ya la sita na la nane, nami nimeshinda nikilitazama. Filamu itatoka. Ikitoka na jina lako, nitakuwa nimekuzika mimi kwa mkono wangu, na bibi ataendelea kusikiliza mlango. Ikitoka na lake, bibi ataambiwa na majirani. Mwambie wewe. Mwambie kabla.

Sikuchukii. Nilichonacho moyoni bado sijakipatia jina.

Mwanao


2 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Nimemwambia.

Alikuwa uani anakunja nguo. Nilianza na surua yako, nikaenda mpaka mwisho, sikuruka kitu. Aliendelea kukunja. Nilipomaliza aliuliza jambo moja, "Asubuhi ile alikula?"

Nikasema alikunywa chai, amesimama, kwa haraka.

Siku tatu hakugusa chakula nilichopika. Siku ya nne alimwita mjomba wako, akafungasha, akaondoka naye. Nilimsindikiza hadi barabarani, nikamuaga, hakuitika. Mlango sasa ukigongwa hakuna anayeuliza.

Andika jina lake. Nimeliandika kwa herufi kubwa kwenye karatasi ya pili. Mwishoni lina "a" mbili. Watu walikuwa wakiacha moja, naye alikuwa akikasirika.

Mama yako


27 Juni

Mama,

Shikamoo. Unakula? Jirani ameniambia hutoki nje.

Nilimweleza mwongozaji yote. Akasema ukikubali atakuja kukusikiliza, na usipokubali atabadilisha jina bila maelezo. Sikumjibu kwa niaba yako.

Juzi mjomba alimleta bibi ofisini. Hakuniambia kama wanakuja. Bibi alikaa kwenye kiti changu, nikaichezesha filamu tangu mwanzo. Unajua hasomi, kwa hiyo nilimsomea kila jina lilipojishona. Nilipofika la saba nilisimamisha. Akauliza, "Ndilo hili?" Nikasema ndilo. Alifuatisha herufi kwa kidole juu ya kioo, kutoka kushoto hadi kulia, hadi zile "a" mbili. Alikaa hapo mpaka mjomba akamwambia gari litawaacha.

Mlangoni akaniambia anataka kwenda makaburini Jumamosi. Nikamwambia nitampeleka mimi, tuliparekodi, napajua. Akakataa. Akasema, "Mama yako aje anionyeshe. Yeye ndiye aliyemwacha pale."

Nikamuuliza kama amekusamehe. Akasema hilo hajaulizwa na mwenyewe.

Mjomba atakuwa stendi saa mbili asubuhi. Njoo, mama.

Mwanao