Malkia wa Japani na Kabati Lako

Baba Aline,

Kabati lako liko wazi. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ulilokuwa ukilingojea huko uliko, na kwa sababu usiku wa kuamkia leo nimelala kama mtoto aliyenyonya akashiba.

Jana tumefanya kuganduka. Wakenya wa kanisani hapa ugenini wanasema kuondoa matanga. Kwetu Burundi unajua uzito wake: nyumba ambayo haijaganduka haiozeshi binti. Na nguo za marehemu lazima zigawiwe ndugu, hakuna kuganduka bila hilo. Mimi nguo zako sikutaka kuzigawa. Mwaka ukaisha tangu tukuzike, ukaingia wa pili. Wazazi wa yule kijana wa Aline, wale wa mtaa wa Bertrams, walisubiri kwa adabu, kisha wakaanza kuulizauliza. Mdogo wako Deo alikuja kutoka Turffontein kila Jumapili, anakunywa chai, anaangalia mlango wa kabati, anaondoka. Aline alivumilia mpaka akashindwa: "Eish, Mama, kwani mimi nashindana na kabati?" Nikamfokea. Ufunguo niliufunga kwenye pindo la kitenge, nikalala nao.

Ukaidi wangu unaujua. Lakini lawama ni zako pia, wewe na malkia wako.

Unakikumbuka kile kitabu cha picha za Japani ulichonunua barabarani karibu na uwanja, mwaka ule wa Kombe la Dunia, watu walipokuwa wakiuza kila kitu hata visivyouzika? Kila jioni ukitoka kwenye duka lako la dobi, Rosettenville, ulikuwa unanisomea huku ukitafsiri, mimi nachambua maharage. Malkia wa zamani sana, wa enzi za hariri zenye mikono inayoburuta sakafuni. Hakuzaliwa katika ukoo wa wafalme, baba yake alikuwa waziri tu, na wakubwa wa ikulu walinong'ona alipotawazwa. Alimshika Buddha wake kama mama yangu alivyoshika rozari. Alijenga nyumba ya dawa kwa ajili ya maskini, na watu husimulia kwamba aliapa kuwaosha wagonjwa kwa mikono yake mwenyewe, hata yule mwenye ukoma aliyekimbiwa na wote. Hapo nilimpenda. Uliposoma kwamba mwanawe alifariki akiwa bado mchanga, ulifunga kitabu. Wetu tulimzika kambini, ukimbizini.

Kisha ukafika pale mfalme mumewe alipofariki. Siku ya arobaini na tisa, ambayo kwao ndiyo ya kuiaga roho, malkia akatoa vitu vya mumewe, akavipeleka kwa Buddha hekaluni: panga, vinanda, vioo, nguo. Akasema kuvitazama kunamvunja moyo. Nilitupa ungo chini. "Huyo hakumpenda! Hata miezi miwili haijaisha?" Wewe ulicheka mpaka ukakohoa. "Mama Aline, siku yangu ikifika, usinifungie kabatini." Nikakuambia unyamaze, usijitabirie.

Nikakufungia.

Suti zako, mashati, lile koti la kijivu ulilonunua baridi yetu ya kwanza hapa, zote nilizivika mifuko ya plastiki ya dukani kwako, nikaifunga kwa uzi ili harufu yako isitoroke. Mimi, mke wa dobi! Na wateja uliwaambia kila siku kwamba plastiki ni ya kufikia nyumbani tu, nguo inataka kupumua. Mwezi uliopita nilimsikia Aline chumbani kwake akilia na simu, anamwambia kijana wake kwamba asipoweza kusubiri, aende tu. Nikaingia kwetu, nikafungua kabati, nikijidai nataka kukunusa kidogo nipate nguvu. Nikafungua koti la kijivu. Ukungu ulinipiga puani. Nondo walikuwa wamekula kola na bega zima. Hukuwamo, Baba Aline. Muda wote huo nilikuwa nalinda ukungu.

Nilikaa kitandani nikalia, kisha nikacheka, sijui kipi kilitangulia. Ndipo nikakumbuka mwisho wa ile hadithi, ambao mimi niliununia na wewe ukausoma kwa sauti hivyo hivyo: kwamba vitu alivyovitoa malkia vipo mpaka leo, vilitunzwa katika ghala la mbao la hekalu kwa zaidi ya miaka elfu. Angevifungia chumbani kwake, nani angeviona?

Nilianika kila kitu juani. Nikasugua kwa siki na brashi kama ulivyonifundisha, nikapiga pasi. Koti tu halikupona. Jana Deo alisema maneno ya wazee, watu wakanywa, nami nikagawa kwa mkono wangu. Suti nyeusi ni ya Deo. Ya kahawia nilimpa kijana wa Bertrams. Deo akakohoa, maana bado si ndugu. Nikamwambia, atakuwa. Mikono ya koti lake ni mifupi kwake, lakini aliipokea kwa mikono miwili. Posa inaletwa mwezi ujao.

Leo asubuhi, nikingoja kuvuka pale kwenye robot, zile taa za barabarani, niliiona suti yako nyeusi ng'ambo, inaharakisha kwenda kanisani, bega moja chini kama lako. Nilifungua mdomo nikuite. Deo akageuka, akanipungia. Nikampungia. Kifua hakikunibana, mume wangu. Nilisimama nikakitazama kitambaa kinavyong'aa juani, nikajisifu kwamba pasi niliipiga vizuri.

Kabati lenyewe ataondoka nalo Aline siku ya harusi. Ufunguo nimeutupa, na nakuahidi sitatafuta mwingine.

Nenda salama, Baba Aline. Sasa na wewe pumua.

Mkeo,
Mama Aline